Mshahara na Likizo ya Wafanyakazi Vijana: Mwongozo kwa Mwenye Biashara Ndogo

Ugomvi wa mshahara katika biashara ndogo hupandwa siku ya kwanza ya kazi, pale mwenye duka anaposema "tutaelewana" na kijana akaitikia "sawa, bosi". Kila mmoja huondoka na hesabu yake kichwani. Mwenye duka anahesabu mshahara, chakula cha mchana na nauli kuwa kitu kimoja, na anachukulia kwamba mzigo ukiingia Jumapili kijana atakuja kuupokea. Kijana naye anaamini chakula na nauli ni vya pembeni, Jumapili ni yake, na Desemba atakwenda kwao. Mwezi wa nne au wa tano hesabu hizo mbili zinakutana. Mwajiri anasema vijana wa siku hizi hawataki kazi. Kijana anasema bosi ni mbahili. Mara nyingi wote wawili wanakosea, kwa kuwa kilichokosekana ni karatasi moja tu.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mwajiri wa huko afuate viwango vyake. Sheria ya Bara haitofautishi duka la mtu mmoja na kiwanda chenye watu mia. Mwenye saluni yenye viti viwili anabanwa nayo kama anavyobanwa mwenye hoteli.

Nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi

Wamiliki wengi hudhani kwamba kijana asiye na mkataba si mfanyakazi, kwamba huyo "anasaidia tu" au "anajifunza kazi". Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inaliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi hata ikithibitika hali moja tu kati ya kadhaa zilizotajwa: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, anapewa vitendea kazi, anamtegemea mwajiri huyo kwa kipato, au kwa miezi 3 iliyopita amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi. Saa 45 kwa mwezi ni kidogo sana. Kijana anayeshinda gereji akishika spana tangu asubuhi huzifikisha ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo gereji, karakana za useremala na vyumba vya ushonaji, ambako kijana hulipwa chakula na ujuzi, vinahitaji uangalifu. Ufundi bado unafundishwa hivyo, na hakuna ubaya fundi kumlea mwanagenzi. Ila mwanagenzi aliyekwisha kuaminiwa kazi ya mteja, akaifanya peke yake, na mteja akalipa bei kamili, amevuka mstari, na malipo yake yapangwe upya kabla hajadai.

Kuhusu umri, mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo. Wa chini ya miaka 18 hafanyi kazi mgodini, kiwandani wala mahali pengine pa hatari.

Karatasi ya siku ya kwanza

Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: jina, umri, jinsi na anuani, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara, namna unavyokokotolewa, pamoja na malipo mengine, yakiwamo yasiyo ya fedha. Hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Mwajiri ahakikishe kijana ameyaelewa, nakala itunzwe kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha, na ukitokea mgogoro bila karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa unamwangukia mwajiri. Katika hilo, "tutaelewana" humgharimu mwenye duka kuliko kijana.

Kipengele kinachorukwa zaidi ni cha hela ya kula na nauli. Iandikwe wazi kama ziko ndani ya mshahara au nje yake, na kama hutolewa siku za kazi tu au hata siku ya mapumziko. Uchongezi mwingi wa vijiweni huanzia kwenye shilingi elfu mbili za chakula ambazo hazikuandikwa popote.

Kiasi cha mshahara na gharama yake

Kianzio ni kima cha chini cha sekta husika, kinachotangazwa na serikali kwa Amri ya Mshahara. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Imefuatwa na amri mpya iliyoanza 1 Januari 2026. Mwajiri anayetumia kiwango cha zamani kwa mazoea aende ofisi ya kazi ya mkoa akapate kinachotumika sasa. Kinyozi au msusi anayelipwa kwa asilimia naye anaguswa na kima hicho: mwezi ukiwa mbaya, mgawo wake usishuke chini yake.

Kiasi cha mwezi kinapaswa kuweza kugeuzwa kuwa cha siku na cha saa, kwani humo ndimo malipo ya ziada na ya likizo hutoka. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za wiki. Kwa wiki ya saa 45 ni kama saa 195 kwa mwezi. Mshahara wa shilingi 234,000 unatoa shilingi 1,200 kwa saa, na kwa wiki ya siku sita unatoa shilingi 9,000 kwa siku.

Mshahara huohuo una sura mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakofanya kijana aone ameibiwa. Mchango wa NSSF ni asilimia 20. Kwa kawaida kila upande hutoa 10. Hapo kijana anakatwa 23,400, anabaki na 210,600 mkononi. Mwajiri anaongeza 23,400 za kwake, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 1,170, kwa hiyo mfukoni mwake zinatoka 258,570. Kati ya kinachotoka na kinachofika kuna karibu shilingi 48,000 ambazo hakuna anayeziona. Kodi ya mapato haiguswi hapo, kwa kuwa huanza kukatwa juu ya shilingi 270,000 kwa mwezi. Tozo ya ufundi stadi nayo humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi.

Akiwa mhitimu wa chuo kikuu aliyesoma kwa mkopo wa serikali, makato ya Bodi ya Mikopo ya angalau asilimia 15 yanaongezeka, na mkononi zinabaki 175,500. Mtu aliyeahidiwa "laki mbili na thelathini na nne" akapokea hiyo atadhani kuna mchezo. Katika mazungumzo ya kwanza mwajiri ataje namba zote mbili, ya kabla na ya baada ya makato, akiwa na karatasi mkononi.

Suala jingine ni mauzo. Kijana anayekaa kaunta na kuona ujumbe wa lipa namba ukiingia kutwa nzima anajua duka limeingiza kiasi gani. Asichokiona ni kodi ya fremu iliyolipwa miezi sita kwa mkupuo, mkopo wa benki, bei ya kununulia mzigo, leseni na bidhaa zilizoharibika. Anailinganisha laki tisa ya mauzo ya Jumamosi moja na mshahara wake wa mwezi, na hitimisho analofikia halishangazi. Baadhi ya wamiliki huona kumweleza gharama ni kujivua nguo. Ukweli ni kwamba anayefichwa gharama hubaki na mauzo peke yake kama kipimo, na kipimo hicho siku zote humwonyesha bosi kuwa tajiri kuliko alivyo. Si lazima afunguliwe daftari lote. Inatosha ajue katika kila shilingi elfu moja ya mauzo faida inabaki ngapi.

Kamisheni husaidia palipo na mauzo yanayopimika, kama duka la simu au la nguo. Iwe juu ya mshahara wa msingi na ihesabiwe kwa fedha iliyokwisha kuingia. Kamisheni ya mali iliyokopeshwa huwafanya wauzaji wakarimu sana kwa wateja wasiolipa.

Tarehe, advansi na shoti

Vijana wengi husamehe mshahara mdogo kuliko mshahara unaochelewa. Kodi ya chumba, bando na pesa ya kutuma nyumbani vina tarehe zake. Sheria inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, mahali pa kazi na wakati wa kazi, kwa fedha taslimu, isipokuwa wamekubaliana njia nyingine, na uambatane na maelezo ya maandishi ya malipo na makato. Ukilipwa kwa simu, makubaliano yaandikwe, pamoja na nani anabeba ada ya kutolea. Kumtumia mtu mshahara bila ya kutolea ni kumpunguzia.

Advansi haizuiliki, kwa hiyo iwekewe utaratibu. Njia inayofanya kazi ni siku moja ya katikati ya mwezi, tuseme tarehe 15, na ukomo usiozidi theluthi ya mshahara, kwa saini. Advansi za elfu tano tano kila siku humfikisha kijana mwisho wa mwezi akiwa na elfu thelathini mkononi na hakumbuki nyingine zilikwenda wapi. Mwajiri naye hana ushahidi ila kumbukumbu zake.

Shoti ya kaunta ndiyo inayovunja ajira nyingi. Mwajiri anaweza kukata fidia ya hasara kutoka kwenye mshahara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, apewe maelezo ya deni kwa maandishi na nafasi ya kulipinga, akubali makato hayo kwa maandishi, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara wa fedha. Kwa mshahara wa 234,000, robo ni 58,500. Kufuta mshahara wote kwa sababu ya shoti hakuruhusiwi, hata kijana akiwa amekiri. Watu wawili wakiuza kaunta moja bila kukabidhiana hesabu, hakuna namna ya kujua kosa ni la nani, na kumkata mmoja wao ni kubahatisha. Makabidhiano ya zamu, hata kwenye daftari la mia tano, huondoa nusu ya kesi hizi. Faini ya kuchelewa, inayotozwa katika maduka mengi, haimo kabisa katika orodha ya makato yanayoruhusiwa. Kuchelewa ni suala la nidhamu, na lina njia yake ya onyo.

Saa za kazi na Jumapili

Kikomo ni saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya saa nzima. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na hazizidi 50 katika wiki nne. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa saa. Kwa mfano wa juu, saa ya ziada ni shilingi 1,800, saa ya Jumapili ni 2,400, na saa ya usiku huongezwa 60.

Duka linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku lina saa 14, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuzibeba kihalali, kwani hata pamoja na ziada kikomo cha siku ni saa 12. Mwenye duka la namna hiyo ana zamu mbili, akubali asikubali. Kijana anayeondoka saa 11 jioni kwa sababu ameingia saa 1 asubuhi si mvivu.

Likizo ya mwaka

Hapa ndipo matarajio yanapoachana zaidi. Wamiliki wengi waliolelewa katika biashara ya familia hawakuwahi kupata likizo na huiona kama zawadi. Kijana aliyesoma haki zake kwenye simu anajua ni siku 28. Kijana yuko sahihi: ni siku 28 mfululizo kwa kila miezi 12, kwa malipo, Jumapili na sikukuu za kitaifa zilizoangukia humo zikiwamo. Asiyetimiza miezi 6 kazini bado hana haki ya likizo ya malipo, isipokuwa wa msimu au anayerudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja kwa mwaka na jumla ya vipindi vyake ikapita miezi 6.

Mwajiri naye ana haki ambayo wachache wanaijua: yeye ndiye anayepanga lini likizo iende, mradi isicheleweshwe zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko wa miezi 12 kumalizika. Inaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi amekubali na biashara ina sababu ya kweli. Mshahara wa likizo hutolewa kabla hajaondoka.

Haki hiyo ya kupanga itumike mapema. Kila biashara ina miezi yake mibovu. Stesheneri jirani na chuo hupwaya wanafunzi wakienda likizo ndefu. Duka la nguo hutulia baada ya Idi na baada ya Krismasi. Biashara ya watalii Arusha na Moshi hulala Aprili na Mei, wakati wa masika. Kalenda ibandikwe ukutani Januari, majina yakiwa yameandikwa. Desemba ndiyo yenye mvutano, hasa kwa vijana wa Kilimanjaro ambao nyumbani wanasubiriwa, na ndio mwezi ambao duka linawahitaji zaidi. Zamu kwa mwaka humaliza ubishi: aliyekwenda Krismasi hii, ijayo anabaki, na aliyebaki anapata Idi au Pasaka. Kusubiri Desemba yenyewe ndipo jibu litolewe ni kumlazimisha kijana akate tiketi kimyakimya.

Gharama ya likizo katika duka la watu wawili ni ya kumlipa deiwaka wa kushikilia nafasi. Kwa siku 24 za kazi ndani ya siku 28, kwa shilingi 9,000, ni 216,000 kwa mwaka, yaani 18,000 za kuwekwa kando kila mwezi. Anayeweka hiyo hapati mshtuko. Asiyeweka hujikuta akisema "ahirisha kwanza" mwaka wa pili, na likizo mbili zikigongana hakuna duka dogo linaloziweza kwa pamoja.

Kisha kuna ruhusa ndogondogo: kwenda kufuata kitambulisho cha NIDA, harusi ya dada, siku ya kuhama nyumba. Vijana huziomba mara nyingi, na wamiliki hunung'unika. Sheria inaruhusu siku za namna hiyo, zilizoombwa na mfanyakazi mwenyewe na kulipwa, zipunguzwe kwenye zile 28. Aliyepewa 6 kwa nyakati tofauti anabakiwa na 22. Utaratibu huu unaridhisha pande zote kwa sharti moja, kwamba kila siku iandikwe na isainiwe siku ileile inapotolewa. Mwajiri anayezikumbuka zote kwa pamoja mwezi wa kumi na mbili hataaminiwa, na ni haki asiaminiwe.

Msiba, ugonjwa, uzazi na mitihani

Kwa msiba, sheria inatoa siku 4 za malipo kwa kifo cha mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada; ugonjwa wa mtoto nao umo. Mjomba, shangazi na baba mkubwa hawakutajwa, ilhali wengi wamelelewa na hao. Mwajiri aamue mapema na aseme: siku mbili za malipo kwa hao, au ruhusa isiyo na malipo. Kuamua siku ya msiba, kijana akiwa analia, hakumfai yeyote.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa pacha. Baba ana siku 3. Kumwachisha kazi msichana kwa sababu ya mimba ni miongoni mwa makosa yanayomgharimu mwajiri sana mbele ya wasuluhishi.

Vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa binafsi, au wanaosoma Chuo Kikuu Huria, huhitaji siku za mtihani. Tarehe zake hujulikana miezi kadhaa kabla, basi zitajwe wakati wa kuajiriwa.

Nyongeza

Kijana asiyejua lini atafikiriwa nyongeza huiomba kila anapokasirika. Pawe na mwezi mmoja wa mapitio kwa mwaka, na mambo yatakayotazamwa yajulikane: kama amejua kuagiza mzigo mwenyewe, kama hesabu zake hazina shoti, kama wateja wanamuulizia. Mwaka ambao biashara haikuruhusu, jibu la "hapana" litolewe na sababu, na likiwezekana na kitu kingine, mfano Jumamosi moja ya mapumziko kwa mwezi. Ahadi ya "biashara ikikaa vizuri" haina tarehe, na vijana wanajua hivyo.

Mtu anapoondoka

Wengi hupita tu, na mwajiri mwenye busara huajiri akilijua hilo. Katika mwezi wa kwanza notisi ni siku 7; baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki. Likizo ambayo haikuchukuliwa hulipwa kwa kiwango cha mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Aliyefanya kazi miezi 8, siku 208, anadai siku 16, yaani 144,000 kwa mfano huu. Aliyetimiza miezi 12 na kuachishwa na mwajiri hulipwa kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, isipokuwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kijana aliyeletwa kutoka mkoani arudishwe alikoajiriwa au apewe nauli isiyopungua ya basi hadi kituo cha karibu na huko.

Anayeona ameonewa huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa madai ya kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Mbele ya Tume mwajiri ataulizwa maelezo ya ajira, rekodi ya malipo na daftari la likizo. Malipo ya mwisho yakikamilika, kijana asaini kupokea, na apewe cheti cha utumishi, kwa kuwa mwajiri wake ajaye atakiulizia.